Kaburi Tulilolifukua Terrat

Ofisi yangu ya kwanza ya uwakili ilikuwa mtaa wa Sakina, juu ya gereji, na nilizoea kuwasikiliza wateja huku mafundi wakigonga bodi za magari chini yetu. Siku alipokuja mama yule kutoka kijiji cha Terrat nilifunga dirisha, maana alizungumza kwa sauti ndogo na Kiswahili hakikuwa lugha yake. Alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee alikamatwa mnadani kwa tuhuma za wizi wa mbuzi. Siku ya tatu mama aliitwa kituoni akaambiwa kijana ameanguka mahabusu, amekufa. Alikabidhiwa jeneza lililokwisha kupigiliwa misumari, akaamriwa azike siku ileile.

"Nataka waseme walimfanya nini," aliniambia. "Hicho tu."

Nilikuwa bado mgeni katika kazi ya kutetea haki za watu, na nilikuwa na njaa ya kushinda. Nikamwambia kwamba bila mwili kuchunguzwa hatuna kesi.

"Kwetu aliyezikwa haguswi."

"Mama, ukimwacha yeye alale, na wao watalala."

Niliipenda sentensi hiyo hata nilipokuwa naitamka. Akaweka dole gumba kwenye maombi ya kufukua kaburi.

Tulifukua asubuhi, kwa amri ya mahakama, daktari akiwapo, askari wawili wamesimama kando kwenye mahindi. Shemeji zake wa boma la jirani walikuja, wakamwambia mbele yangu kwamba kuanzia siku hiyo yeye si mtu wao. Wakaondoka. Nilimsihi akae ndani, akakataa. Jeneza lilipofunguliwa alitazama kwa muda mrefu, kisha akavua shuka lake la begani akamfunika mwanawe miguu. Daktari alikuta mbavu zimevunjika, na kucha za mkono wa kulia hazipo. Niliyaandika yote kwenye daftari, na Mungu anisamehe, moyoni nilifurahi.

Siku ya kusikilizwa shauri letu dhidi ya polisi, wakili wa serikali hakugusa mbavu wala kucha. Alisimama akasema hati ya kiapo ya mama haionyeshi mahali alipoapia, kwa hiyo ni batili. Nikafungua nakala yangu. Nafasi ya mahali ilikuwa tupu. Niliiandaa mimi mwenyewe, nikampelekea wakili wa ofisi jirani amwapishe mama haraka haraka kabla masjala haijafungwa, na hakuna kati yetu aliyeikagua. Jaji hakuchukua hata robo saa. Shauri likaondolewa mahakamani.

Nje, kwenye korido, mama aliniuliza jaji amesema nini kuhusu mwanawe.

"Hajasema kitu, mama. Kuna sehemu sikuijaza."

"Sehemu ya mwanangu?"

"Hapana. Ya karatasi."

Tuliruhusiwa kufungua upya, kwa hiyo wiki chache baadaye nilikwenda Terrat na hati mpya, safari hii nimeikagua mara kumi. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai ya maziwa. Shemeji zake walikuwa wamesogeza uzio wa miiba, kaburi likabaki nje, kwenye njia ya ng'ombe, na kwato zilikuwa zimeshabomoa upande mmoja wa tuta. Kanisani, alisema, wanawake wa ukoo walihama benchi alipokaa.

Nikamsogezea hati na kidau cha wino. Hakuvigusa.

"Weka dole lako," alisema. "Mimi nilitaka waseme. Wewe ndiye uliyetaka kesi."

Nilimweleza kuhusu muda wa kisheria wa kufungua shauri upya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kikombe changu akakiosha. Muda ukapita, na jalada lile likafungwa.

Nimeshinda kesi kadhaa tangu wakati huo. Vijana wanaoanza uwakili huniomba niwasimulie hizo. Askari aliyekuwa zamu siku kijana yule alipokufa hajawahi kuulizwa lolote. Siku hizi huleta mahabusu mahakamani. Tukikutana kwenye ngazi hunipisha, na kwa kuwa nimemzidi umri, huniamkia shikamoo. Nami humwitikia.