Jicho la Kisima cha Mama

Sisi wa Kimamba tuliokulia kwenye kambi za mkonge hatukuwa na saa. Saa yetu ilikuwa garimoshi. Likipiga honi kutokea upande wa Kilosa, mnaacha kombolela hapohapo, aliyejificha atajijua, mnakimbilia stesheni kuangalia abiria wanavyomenya mayai ya kuchemsha dirishani. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na nadhani honi ile ilichangia. Tukirudi tumejaa vumbi, mama hakuuliza tulikotoka. Alisema tu, "Maji hayo, kopo moja kila mtu." Na huko kwenye maji ndiko nilikotaka kufika.

Kisima kilikuwa uani kwetu, hapahapa ninapoishi mpaka leo, baba alikichimba kwa sururu. Maji yake matamu, wakati visima vya jirani vilikuwa na chumvi. Kila kiangazi mama alichagua mtoto mwembamba, akamfunga kamba ya katani kiunoni, akamshusha na kikombe azoe mchanga kwenye jicho, pale maji yanapochomokea, ubavu wa mashariki. Ukiwa chini ulitakiwa kuimba muda wote. Ukinyamaza, wanakuvuta. Mimi niliimba nyimbo za kanisani zikaisha, nikaanza kuimba majina ya stesheni: Morogoro, Mkata, Kimamba, Kilosa, narudia.

Vijana wa leo maji wanayajua kwa koki. Mwanangu Elia aliporudi kutoka Morogoro alipanda nyasi mbele ya nyumba, zile za kutembelea peku, sijui atembee nani, maana yeye mwenyewe viatu havui. Akaleta fundi kutoka Mikumi, kijana mpole anayemwagilia bustani za hoteli za watalii. Fundi akatumbukiza pampu ya umeme kisimani hadi chini kabisa, na huku juu kidude kikawa kinazunguka kinarusha maji asubuhi nzima. Kilipendeza, nisiseme uongo. Nilikuwa naweka kiti naangalia.

Wiki ya pili ndoo ikaja na matope. Mama Zaina, jirani anayechota kwetu pamoja na nyumba nyingine sita, akashika kiuno.

"Babu, nyasi zenu zinakunywa kuliko wanangu."

"Kisima kimekufa, mzee," fundi akasema. "Tuchimbe kingine kule nyuma."

Kisima cha mama kifie mikononi mwangu, tena kwa ajili ya nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuonja. Nikamuuliza pampu ameiweka upande gani. Akanyoosha kidole mashariki, akasema ndiko kwenye kina. Kumbe aliiweka juu ya jicho lenyewe, ikavuta mchanga mpaka ukalifukia.

Nikamwambia hakijafa, kinataka kuzolewa mchanga tu. Pampu ikatolewa, Elia akafungwa kamba, tukamshusha mimi, fundi na Mama Zaina. Nikamwambia aimbe. Hakujua wimbo hata mmoja mpaka mwisho, anajua vipande vya kwenye simu. Akarudia kipande kimoja mpaka masikio yakachoka, Mama Zaina anaitikia huku anacheka. Halafu akanyamaza. Tukaanza kuvuta.

"Acheni, acheni," sauti ikatoka chini. "Miguu inalowa, baba."

Nilikaa palepale kwenye udongo.

Zamani uani kwetu hapakuwa na jani hata moja, tulifagia mpaka mchanga ukabaki na mistari, na maji tulikuwa nayo. Sasa Elia anazipa nyasi zake maji ya kufulia. Zimekuwa za njano, na asubuhi nasikia ndoo za majirani zikigongana uani kama nilivyozisikia nikiwa mdogo.

Siku ile maji yaliporudi, fundi alikunja mpira wake wa maji taratibu. Nikamwambia akae ale ugali.

"Asante, mzee, nimeshiba."

Hakuwa ameonja kitu tangu alfajiri. Akaweka pampu begani, akashika njia ya stendi, na hajarudi tena.