Mkaguzi wa Chapa Aliyevuliwa Buti Getini

Saa moja asubuhi, siku ya mnada, vumbi limeshapanda hadi usawa wa pembe. Kwenye geti la miti la mnada mmoja wilayani Chemba, Noeli Matonya ameinua fimbo juu, na ng'ombe thelathini na wawili wamesimama mbele yake. Mwenye ng'ombe anakohoa. Madalali wanapiga miluzi ya kumharakisha. Noeli hashushi fimbo.

"Vumbi litue kwanza," anasema. "Kwenye vumbi kila chapa ni chapa."

Likishatua, anaingia katikati ya ng'ombe, anapapasa mapaja, anasoma chapa kwa vidole kama mtu anayesoma barua gizani, kisha analinganisha na kibali alichopewa. Anatembea haraka, miguu yote miwili ikikanyaga sawasawa. Hilo la miguu miwili ndilo watu wa mnadani hawajalizoea.

Noeli ana miaka hamsini na saba. Ni Mgogo wa Gulwe aliyefika huku akichunga ng'ombe za watu, akaoa Msandawe, Germana, na safari yake ikaishia hapo. Ukaguzi unampa shilingi elfu kumi na mbili kwa siku ya mnada, mara moja kwa wiki. Siku nyingine analima mtama na alizeti. Wezi wa mifugo wakisikia yupo getini, wanasema watu wa hapa, hugeuza njia.

Lakini kuna mwizi mmoja aliyempita kwa muda mrefu, naye alikuwa ndani ya buti lake.

Habari hii ilianza zamani, Noeli akiwa na miaka thelathini na miwili. Walikuwa wakipiga chapa ng'ombe za tajiri mmoja. Dume likarusha teke, chuma chekundu kikamtoka mwenzake mkononi, kikatua kwenye muundi wa Noeli, mguu wa kulia. Alikuwa amevaa katambuga, viatu vya tairi vilivyo wazi. Herufi mbili za tajiri zikabaki mguuni.

"Tulicheka," anakumbuka. "Waliniambia, sasa wewe ni mali ya tajiri, ukipotea tutakurudisha zizini."

Kicheko kiliisha, kidonda hakikuisha. Kikifunga wakati wa mvua, kiangazi kinafumuka. Mwiba ukigusa, kinafumuka. Noeli akawa anakipulizia dawa ya bluu, ile wanayopuliziwa ng'ombe waliochubuka, kisha anavuta gambuti juu na kwenda kazini akichechemea.

"Nilijiambia, dawa inayoliponya dume zima, mimi ni nani nisipone?"

Germana alikuwa akihesabu makopo. "Ng'ombe zetu zilikuwa tatu tu," anasema. "Makopo kumi na moja kwa mwaka mmoja. Nikamuuliza, baba Sabrina, humu ndani nani mwingine ana kwato?"

Noeli akavuta gambuti, akatoka. Mambo yalikwenda hivyo miaka ishirini na miwili.

Aliyevunja ukimya ni Penina, muuguzi wa zahanati ya jirani, naye siku hiyo hakuwa kazini. Alikuwa amekuja kuuza mbuzi sita za baba yake. Akiwa kwenye foleni, aliwaona nzi. Waliacha mbuzi, wakaacha ng'ombe, wakakusanyika kwenye mdomo wa gambuti la mkaguzi. Aliposogea, akasikia harufu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kibali."

"Kibali ninacho. Vua buti kwanza."

Noeli akamtazama. "Binti, hapa getini mkaguzi ni mimi."

"Ndiyo, baba. Na si wewe unayesema hapa hapiti mtu bila kukaguliwa? Basi na wewe hupiti."

Penina akaketi chini katikati ya geti, mbuzi wakamzunguka. Nyuma yake makundi manne yakaziba njia. Wenye ng'ombe wakaanza kumpigia kelele, si yule dada, bali mkaguzi: vua, mzee, jua linapanda. Mwingine akauliza kama amemficha humo ndama wa wizi.

Noeli akavua.

Wenye ng'ombe wakarudi nyuma hatua moja. Kidonda kilikuwa na upana wa kiganja, na ukingo mmoja ulikuwa umeinuka kama koliflawa. Penina akauliza ukingo ule ulianza kuinuka lini. Tangu mavuno, akajibiwa. Akaandika rufaa palepale, karatasi ikiwa imelazwa juu ya mgongo wa mbuzi, akasema neno moja ambalo Noeli anasema lilimtia baridi mchana kweupe: "Kesho."

Alishuka Dodoma mjini, akafikia kwa ndugu yake Ipagala. Hospitali wakachukua kipande kidogo cha nyama kutoka ukingoni na kukipeleka maabara. Wiki tatu alilala akiukunja mguu, akiunyoosha, kama mtu anayeagana nao. Majibu yakarudi: saratani ya ngozi, iliyozaliwa ndani ya kidonda.

Daktari wa upasuaji, Geofrey, hakumficha. Ikiwa haijafika kwenye mfupa, wataikata na kuziba kwa ngozi ya paja. Ikiwa imefika, mguu unaondoka, kuanzia chini ya goti.

"Nikamwambia, daktari, mkaguzi wa mguu mmoja, ng'ombe ndizo zitamkagua yeye."

Kisha akauliza swali lililokuwa likimla. Mwili una walinzi, hata shuleni, alikoishia darasa la nne, walifundishwa hivyo. Walikuwa wapi?

Geofrey akavuta kiti. Alimweleza kwamba kidonda kikivimba, kikawa chekundu na cha moto, mwanzoni hiyo ni heri: walinzi wamefika kazini. Wanaua vijidudu, wanasafisha, wanaondoka. Shida ni moto usiozimika. Kidonda kinachowaka miaka kinabomoa na kujenga kila siku, na katika kujenga kwingi kuna kukosea. Hapo chembe mbovu huzaliwa. Wakati huohuo mwili, ili usijiunguze wenyewe, huleta watulizaji wa kuwaambia walinzi wapoe. Kovu nalo ni gumu, njia za walinzi kupita ni chache. Chembe ya saratani inakuta walinzi wamechoka, wengine wametulizwa, na yenyewe ina sura ya nyumbani.

Noeli akasema, "Kumbe ni vumbi."

Daktari hakuelewa. Ikawa zamu ya Noeli kufundisha. "Mwizi mjuzi haleti ng'ombe wa wizi peke yake. Anamuibia jirani wa ukoo wake ndama mwenye chapa ileile ya ukoo, anamswaga siku ya vumbi katikati ya kundi ninaloliona kila wiki. Mimi sijalala. Macho yako wazi. Ila vumbi la kila siku nimelizoea mpaka silioni, na ndama anafanana na wenzake."

"Nilicheka," anasema Geofrey. "Halafu nikalichukua. Sasa ndivyo ninavyowaeleza wagonjwa wangu. Hawaniulizi mara mbili."

Upasuaji ulichukua saa tatu. Germana alikaa nje kwenye benchi, rozari mkononi, akiwa amemwekea mumewe viatu viwili chini ya benchi. "Kiatu kimoja nilikataa kukibeba," anasema.

Noeli alipozinduka hakumuuliza mtu. Aliingiza macho chini ya shuka, akahesabu vidole vya miguu. Akahesabu tena. Kumi. Mfupa ulikuwa safi, tezi za kinena zilikuwa safi.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Kila miezi michache anakwenda kuchunguzwa, na kila mara anarudi na karatasi safi ambayo Germana huwasomea majirani kwa sauti, hata wasioomba.

Wala hakurudi kazini mikono mitupu. Siku hizi, akimaliza kukagua ng'ombe, anamkagua na mchungaji. Kuna kidonda? Cha tangu lini? Unakipulizia nini? Kwa daftari la Penina, amewapeleka zahanati watu kumi na saba. Wengi wametibiwa wakapona. Wawili walikutwa na saratani ikiwa changa, na wote wawili wanatembea.

Leo, kundi la ng'ombe thelathini na wawili ni la Faustini, mfugaji mwenye mvi aliyejifunga kitambaa kwenye kifundo cha mguu. Ng'ombe zake zimepita. Fimbo imerudi juu.

"Sasa wewe, shemeji," anasema Noeli.

"Mnada utanipita."

"Mnada upo wiki ijayo. Vua."

Faustini anatazama kando ya geti. Pale kuna nguzo tatu mpya za mkwaju, na shimo la nguzo ya nne limeshachimbwa. Noeli amekubaliana na viongozi wa mnada: paa la bati, benchi moja, na Penina kila siku ya mnada. Anataka paa liwe limepanda kabla ya mvua, kisha aende kuwashawishi wa mnada wa pili, na wa tatu.

"Ni rahisi kwako kusema," Faustini ananung'unika. "Wewe mguu wako umepona."

Noeli anapandisha suruali. Pale palipokuwa na herufi za tajiri kuna ngozi laini, nyeusi kidogo kuliko ya pembeni yake, iliyonywea lakini kavu kabisa. Anaipiga kofi mara mbili.

"Miaka ishirini na miwili nimetembea na chapa ya mtu," anamwambia. "Soma sasa, shemeji. Huu mguu wa nani?"

Faustini anainama, anasoma kwa kidole. Kisha anaketi chini, nje ya vumbi, na kuanza kufungua kitambaa.