Barua ya Kuhama

Juzi nilikwenda kumwandikisha mpwa wangu katika shule moja ya binafsi, Tononoka, inayopokea watu wa dini zote na umri wote. Mbele yangu alisimama mama mwenye buibui, umri wa mama yangu, akiomba kuanza masomo. Watu wanapokelewa wote, ila fomu ni ile ile ya watoto.

"Barua ya kuhama shule ya kwanza, mama?" karani aliuliza.

"Sina, mwanangu. Nilitolewa darasa la tatu, nikaozwa."

"Bila barua fomu haipiti. Ulihamia wapi?"

"Jikoni. Miaka arobaini."

Karani aliandika "Jikoni" kwa mwandiko mzuri, kisha akauliza bila kucheka, "Na huko umeruhusiwa kuondoka?"

Mama alijizungushia ncha ya buibui kidoleni.

"Mume wangu amefariki. Eda nimeimaliza Jumatano."

Karani aliweka kalamu chini. "Pole sana, mama. Mungu amrehemu." Akagonga muhuri.

Nimeona mihuri mingi ikigongwa Mombasa hii. Huo ndio wa kwanza kuuona ukigongwa polepole.