Mkandaji wa Tandika na Kichwa cha Faraji

Asubuhi, Tandika, Temeke. Bi. Tunu Mfaume amekaa uani, miguu ameinyoosha, mtoto mchanga amemlaza mapajani. Mikono inaogesha, macho yameelekea uani kwa jirani, ambako Flaviana naye anaogesha. Leo wazazi wawili wanamsubiri Flaviana.

"Watazame, wamejipanga utadhani wanagawiwa pilau," anasema Bi. Tunu, kisha anasonya.

Kwa miaka mingi, mwanamke wa mtaa huu akijifungua aliitwa Bi. Tunu. Alimkanda mama kwa maji ya moto, akamwogesha mtoto na kumkanda kichwa ili kikae mviringo. Kisha akahamia Flaviana, aliyewahi kufanya kazi zahanati, akawa anawaambia wazazi kichwa cha mtoto hakikandwi. Bi. Tunu hafichi: anamwonea wivu mpaka usingizi unamruka.

Wivu huo ndio uliomchelewesha Faraji, mtoto wa Najma. Kichwa chake kilikuwa kikirefuka kwenda nyuma, na katikati pameota tuta gumu. Flaviana alipomwona akashauri apelekwe hospitali haraka. Bi. Tunu akawaka.

"Nilimwambia Najma, huyo anakutisha ili akuchukue. Niachie mwezi mmoja, nitakinyoosha mie."

Mwezi ukaisha kwa mafuta ya nazi na kukanda. Tuta halikushuka. Siku alipopapasa kichwa cha mtoto mwingine wa umri uleule na kukuta hakina tuta lolote, aliweka chini mafuta ya nazi. Akamwita Najma, wakaenda hospitali.

Daktari aliwaeleza kuwa mtoto huzaliwa mifupa ya fuvu ikiwa bado haijaungana. Kwenye maungio hayo mfupa mpya huongezeka, fuvu likapanuka kadiri ubongo unavyokua. Ungio la katikati la Faraji lilikuwa limefunga tangu tumboni, na kukanda hakulifungui. Lilihitaji upasuaji, tena mapema.

"Hukusababisha wewe, mama," daktari alimwambia Bi. Tunu. "Ila mwezi huo tumeupoteza."

Faraji anapasuliwa wiki ijayo. Jana Najma alikuja kuaga.

"Bibi, usinichukie. Akirudi ataogeshwa na dada Flaviana."

"Imeniuma, sikufichi," anasema Bi. Tunu, akimfunga mtoto wa leo kwenye khanga. Kwa jirani wanacheka, naye anageuka kutazama.

"Naomba Faraji apone," anasema. "Apone, hata kama ni mikononi mwa yule."