Moto wa Ng'ombe na Moto wa Plagi

Miaka ile ya sabini, katika milima yote ya Taita, watu walioweza kuingiza mkono ndani ya ng'ombe na ndani ya injini kwa ustadi uleule walikuwa wachache sana. Kusema kweli, simkumbuki mwingine. Nilizaliwa Kishushe, kwenye vumbi na mbuzi, mahali ambapo gari likipita watu walilizungumzia mpaka lingine lipite. Karo nilijilipia mwenyewe kwa kukata mkonge huko chini karibu na Voi, nikaenda chuo, nikarudi na diploma ya mifugo. Wenzangu wengi wenye diploma walibaki Nairobi ili wavae tai. Mimi nilirudi na tai yangu nikaivaa juu ya pikipiki ya serikali, na nilipokuwa nikipanda kona za kwenda Wundanyi, tai ikipepea begani, kila mtu shambani aliinua kichwa.

Kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Mbegu za mafahali wa gredi, wale wa uzao wa kizungu, zilikuja kwa treni mpaka Voi, nami nilizipandisha milimani ndani ya chupa kubwa ya baridi niliyoifunga kwenye tangi kama mtu anavyombeba mtoto mchanga. Mbele yangu watu waliniita Daktari. Nyuma ya mgongo waliniita Ndume wa Pikipiki. Sikuona ubaya wowote. Ndume ni mnyama anayeheshimiwa.

Sasa, ng'ombe akitaka dume, watu wa huko walisema ana moto. Na pikipiki ikikataa kuwaka kwa sababu plagi haitoi cheche, mafundi husema haina moto. Neno moja kwa kazi mbili, na kazi zote mbili zilikuwa zangu. Kwa miaka mingi jambo hilo halikunisumbua hata kidogo, mpaka siku ile ya mjane wa Mghange.

Mama huyu alikuwa ameuza kabeji misimu kadhaa akanunua mtamba wa gredi. Hesabu yake ilikuwa wazi: mtamba azae, maziwa yapelekwe Wundanyi kwenye jiko la shule, na nyumba isimame. Lakini mtamba alikuwa hajashika mimba. Mara ya kwanza mvua ilikata barabara nikashindwa kufika. Mara ya pili nilifika, nikapandisha, ikawa bure. Mama akaniambia mbele ya watu, bila hasira, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko hasira: "Daktari, nakupa mara moja tu. Ukishindwa, namwita jirani."

Jirani alikuwa na ndume wa kienyeji, mwenye nundu kubwa, aliyemtoa kwenye ranchi za huko chini. Kila aliyetaka ng'ombe wake apandwe alimlipa debe moja la maharagwe, na kila nikipita aliniamkia kwa maneno yaleyale: "Habari ya petroli, Daktari? Wangu anakula nyasi tu." Ndume huyo akimpanda mtamba, mama angepata ndama wa nundu, mwenye maziwa ya kutia kwenye kikombe kimoja cha chai. Nami Mghange nzima ingeniaga.

Basi asubuhi moja nikiwa Wundanyi, shemeji wa yule mama akafika akihema.

"Daktari, moto umeanza! Analia tangu alfajiri. Amempanda mpaka punda!"

"Punda amesemaje?"

"Punda amehama, Daktari. Twende!"

Ng'ombe akianza asubuhi, inafaa umpandishe kabla jua halijazama. Ukichelewa, subiri moto mwingine. Nikampakia shemeji nyuma, tukaondoka. Kulikuwa na ukungu mzito, wa kulowesha kope. Tulipofika kwenye mwinuko wa pili, pikipiki ikakohoa, pu, pu, pu, ikanyamaza.

Nilishuka kwa utulivu. Fundi anayeharakisha hufungua kila kitu na hajui alichokifunga. Kwanza petroli: nilitikisa tangi, imo. Nikafungua plagi, nikaiona imelowa petroli. Hapo mtu asiyesoma angefurahi kuona petroli inafika, lakini mimi nilijua maana yake: petroli inafika na hakuna kinachoichoma. Nikavuta kofia ya plagi, nikaipangusa ukungu kwa tai. Nikailaza plagi juu ya injini, nikapiga kiki. Hakuna moto. Nikatia plagi ya akiba. Hakuna moto.

Shemeji alichuchumaa akitazama. "Tumwambie nini mama?"

"Tangulia kwa miguu. Mwambie moto umepotea, lakini ninautafuta, na nitaupata."

Akaenda mbio. Ulikuwa ujumbe mzuri, mfupi, usio na kosa lolote. Tatizo lilikuwa kichwa kilichoubeba.

Kufikia hapo jua lilikuwa limechoma ukungu wote, na akina mama waliotoka sokoni walikuwa wamesimama kunizunguka na vikapu vyao. Pamoja nao alikuwapo mzee mmoja wa kanisa, mwenye koti jeusi na kofia, aliyekuwa akirudi kutoka kikaoni. Cheche ya plagi haionekani vizuri juani, kwa hiyo niliwaomba akina mama leso zao za kujitanda. Wakazinyoosha juu yangu kama hema, kisha wao wenyewe wakaingia ndani yake.

"Nimesema leso, sikusema mje nazo!"

"Leso yangu haiendi mahali bila mimi," mmoja akajibu. "Piga hiyo kiki yako, tuone."

Nikapiga. Giza tupu.

"Mimi sioni kitu."

"Hata mimi. Ni kama nyumba yangu mwisho wa mwezi."

"Daktari, na huyo ng'ombe unayemwendea je?"

"Ng'ombe ana moto tangu alfajiri," nikasema.

"Ng'ombe anao, pikipiki haina. Si wabadilishane!"

Walicheka mpaka hema likaanguka juu ya kichwa changu. Nilitoka chini ya leso na kuendelea na kazi. Nilifuata waya kwa vidole kutoka kwenye kofia ya plagi mpaka kwenye koili, nikaona ni mzima. Ilibaki platini, vile vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya injini, na kila vinapoachana moto huruka. Nilikuwa nimeanza kufungua kifuniko cha ubavuni wakati fundi mawe mmoja alipotokea upande wa Mghange, nyundo begani. Aliponiona akasimama.

"Kumbe ni hapa? Pole sana, Daktari. Tumesikia moto umekwisha."

"Moto gani?"

"Wa mbegu. Shemeji amefika anasema, Daktari ametafuta moto kila mahali, ameukosa. Mama akamuuliza, umekosekana vipi na ng'ombe analia hapa? Shemeji akasema, mimi sijui, mwenye diploma ni yeye, amefungua akatazama ndani akasema umepotea. Mama akasema basi mbegu zimekufa njiani. Wamemwita jirani."

"Amekwenda?"

"Nimempita anamvuta ndume wake kwa kamba mpya. Anaimba."

Akina mama waliacha kucheka. Mmoja wao alikuwa na ng'ombe wa gredi kwake, akajua mara moja maana ya habari ile. "Jamani, mama wa watu!" akasema. "Daktari, fanya haraka!"

"Sifanyi haraka," nikasema. "Nafanya sawasawa."

Nilitazama ndani kupitia tundu la gurudumu la sumaku na nikaona adui yangu. Vidomo vilikuwa vimeshika masizi na utando wa mafuta. Nilivunja kipande cha kiberiti, upande ule wa kuwashia, nikakipitisha katikati yao polepole mpaka chuma kikang'aa. Lakini nilipovisugua nililegeza skrubu yao, na sasa ilibidi nipime upya nafasi kati yao. Kipimo chake cha bati nilikuwa nimekiacha ofisini. Nilihitaji kitu kigumu, chembamba, kisicho na mikunjo. Nikatazama huku na huku, macho yangu yakatua kwenye mfuko wa shati wa mzee wa kanisa. Kadi ilikuwa imechungulia.

"Mzee, nisaidie kadi yako."

Akaishika kwa mikono miwili. "Hii? Hii ni kadi yangu ya kanisa! Ina sahihi ya mchungaji."

"Sahihi sitaigusa. Nataka unene wake tu."

"Ni ya ushirika mtakatifu, kijana!"

"Basi leo ishiriki, mzee. Kuna mjane anangoja."

Mzee akawatazama akina mama. Akina mama wakamtazama mzee. Akaitoa. Niliiingiza kona yake kati ya vidomo, nikavisogeza mpaka vikaibana kidogo tu, nikakaza skrubu, nikamrudishia. Kona ilikuwa na alama nyeusi. Aliifuta kwa mate, ikazidi.

"Leso!" nikaita. Hema likasimama tena, na safari hii mzee naye aliingia, maana kadi yake ilikuwa imehusika. Nikailaza plagi, nikapiga kiki. Cheche ya buluu, nene, ikaruka, ta!

"Nimeuona!"

"Wapi? Mimi nimekosa."

"Uko wapi huo moto?" akauliza mzee, akainama na kunyoosha kidole mpaka kikagusa plagi, wakati mguu wangu ulikuwa tayari unashuka kwenye kiki kwa mara nyingine.

"HALELUYA!" Mzee alitoka chini ya leso kinyumenyume, kofia upande huu, yeye upande ule.

"Sasa ameuona," akasema yule mama wa leso.

"Umeniingia mpaka begani!" mzee alisema akitazama mkono wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao, hata na kiburi kidogo, kwa sababu wengine waliuona tu.

Nilirudisha kila kitu mahali pake, pikipiki ikawaka kwa kiki moja, nikapanda. Naeleza jambo moja hapa kwa ajili ya wanaojua injini. Kadi ya kanisa ni nene kidogo kuliko kipimo cha kitabu. Kwa hiyo moto ulikuja, lakini haukuja kwa wakati wake kamili, na kila nilipopunguza mafuta pikipiki ilipiga baruti kwenye ekzosi, kama bunduki. Nililijua hilo kabla sijafika kona ya kwanza. Kulirekebisha kungetaka muda, na muda wote ulikuwa umefungwa kwenye kamba mpya ya jirani.

Boma la yule mama liko chini ya mteremko. Kutoka juu niliona yote: mtamba amefungwa katikati ya miti niliyomwagiza mama aisimamishe, shemeji ameshika kichwa, mama amefunga mikono kifuani, na jirani anaingia langoni na ndume wake. Ndume alikuwa ameshanusa. Alikuwa ameinua pua na kukunja mdomo wa juu, kama wanavyofanya wakishaamua.

Nilishuka mteremko na kupunguza mafuta. BAA!

Ndume alisimama. Jirani akageuka. "Zima hiyo kitu!"

Nikaizima, na ilipokuwa inazimika ikapiga tena, kubwa kuliko ile ya kwanza. Ndume aligeuka papo hapo, akachomoa kamba mkononi mwa jirani, akapita katikati ya mahindi, akavuka mfereji, nundu ikiyumba, akatokomea bondeni.

"Umempiga risasi ndume wangu!"

"Ni platini," nikasema.

"Hata kama ni bastola ya aina gani!" Akamkimbilia, huku akimwita ndume majina matamu ambayo sidhani mke wake aliwahi kuitwa.

Mama hakucheka. Alinitazama, kisha akaitazama chupa yangu. "Daktari, si umetuma neno kwamba moto umekwisha?"

"Ulikuwa wa plagi, mama."

"Plagi ni ng'ombe wa nani?"

"Plagi ni ya pikipiki. Mbegu ziko hai, baridi ni ile ile. Niletee maji na sabuni."

Alimgeukia shemeji yake. Shemeji alikuwa ghafla anachunguza sikio la mtamba kwa makini sana.

Nilinawa, nikaingiza tai ndani ya shati, nikafanya kazi yangu. Mkono wangu ulikuwa mtulivu utadhani haukuwa umeshika spana saa moja iliyopita. Nilipomaliza nilimwambia mama, "Huyu ameshika," na aliniambia nisiseme tena neno lolote mpaka ng'ombe mwenyewe aseme.

Ng'ombe alisema. Alizaa salama, ndama mweusi na mweupe, mgongo umenyooka kama meza. Maziwa yalianza kushuka Wundanyi kila asubuhi, na mpishi wa shule aliniambia mwenyewe kwamba chai ilikuwa imebadilika rangi. Jambo moja tu: ndama alikuwa dume. Mama angeweza kumuuza, lakini aliniambia amemzoea.

Miaka miwili hivi baadaye nikaanza kuona simu za Mghange zinapungua. Nasema simu, lakini nina maana ya mashemeji wanaohema, ambao hawakuja tena. Siku moja nikapanda kwenda kuona kulikoni. Nje ya boma la yule mama palikuwa na foleni ya ng'ombe, kila mmoja na mwenye wake na debe la maharagwe, na mbele kabisa ya foleni alisimama jirani, ameshika ng'ombe wake jike. Ndani, yule ndama niliyemleta kwa mkono wangu mwenyewe alikuwa amekua, kifua kipana, shingo nene, anafanya kazi bila petroli.

"Huyo ni kazi yangu!" niliwaambia watu wa foleni, na wote walikubali, maana ni kweli.

Mama alinijia akipangusa mikono kwenye leso, amefurahi kuniona. "Karibu chai, Daktari," akasema. "Na ukipata ng'ombe, mlete. Wewe sitakudai maharagwe."