Shomoro na Mlango wa Kisasa

Msimamizi wa kantini ya ofisi, waliyembandika jina la Mzee Utaratibu kwa sababu alitundika matangazo hata chooni, alikuwa na adui mmoja tu duniani: shomoro. Saa sita ikigonga, ndege hao waliingia, wakatua mezani na kudonoa mkate mtu akiwa bado anatafuna. Yeye alishikilia kwamba shomoro aliumbwa ale wadudu na mbegu za majani, na huu ulikuwa utovu wa nidhamu.

Alianza na bundi wa plastiki. Siku mbili ndege hawakuonekana, naye akatembea kifua mbele. Siku ya tatu wakawa wanampumzikia bundi kichwani. Akafunga madirisha, wafanyakazi wakala huku jasho likiwachuruzika, na ndege wakaingia mlangoni pamoja na wateja. Ndipo akamsumbua mkurugenzi mpaka ukanunuliwa mlango wa kioo, ule unaojifungua wenyewe mtu akiukaribia.

Siku ya uzinduzi alivaa tai na kuhutubia. Alikuwa bado anaeleza kwamba mlango huo unamtambua binadamu tu, shomoro jike mmoja akaruka hadi mbele ya jicho la mlango, akapigapiga mabawa papo hapo hewani. Mlango ukafunguka taratibu, kwa heshima zote. Wenzake kumi na kitu wakamfuata ndani.

Mkurugenzi alikohoa. Wengine walijifanya wanatafuta kitu sakafuni. Mpishi, mama asiyejua kumung'unya maneno, ndiye aliyesema.

"Baba, mafundi wamejaribu mlango huu siku tatu, mwenzio anawatazama tu kutoka ukutani. Kajifunza. Wewe fomu ya likizo mpaka leo unajaziwa."

Mlango ulizimwa, na Mzee Utaratibu akaamriwa asimame pale kila mchana aufungue kwa mkono. Alisimama amenuna wiki nzima. Kisha, ili ndege wabaki nje, akaanza kuwamwagia makombo bustanini, kwa siri. Walibaki nje kweli. Ila hawakukawia kubadili ratiba: asubuhi humsubiri getini, wakamsindikiza hadi ofisini wakimpigia kelele kama wadai haki.

Mkewe, akifua, alikuta mifuko ya suruali imejaa makombo, akamuuliza kulikoni.

"Utafiti," alijibu bila kupepesa macho, akamwomba asitupe ile mikate iliyokauka.