Katoni ya Viatu Mbele ya Rejeta

Siku yangu ya kwanza kazini, Laoban alininyang'anya spana. Laoban ndivyo tunavyomwita bosi yeyote hapa Guangzhou, na huyu alikuwa mwenye gereji nyuma ya masoko ya viatu ya Liuhua. Nilikuwa nimetoka Mbeya nikijiona fundi kamili wa umeme wa magari, nikajitosa chini ya dashibodi hata gari halijawashwa. "Mkono kwanza," akasema, akaubandika mkono wangu kwenye tundu la hewa. "Niambie unasikia nini. Mashine ya kupimia baadaye." Nikameza hasira. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Miaka yote iliyofuata kazi yangu ilikuwa AC za otomatiki na hita zake. Ninyi vijana mnaoanza, msiziogope. Dereva anachagua joto analotaka, sensa moja inaonja hewa ya ndani, nyingine inaonja maji ya injini, kisha kompyuta inaamua feni ivume kiasi gani na kilango cha hewa kielekee wapi. Hita yenyewe ni rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, inayopitishiwa maji ya moto kutoka kwenye injini. Maji yakiwa ya baridi, haina cha kukupa. Fundi mkuu wetu, mzee mkali kama pilipili, alikuwa akifoka, "Usimlaumu mpishi kabla hujaangalia jiko!"

Sasa niwaambie siku iliyonitoa kazini.

Baba Neema, mfanyabiashara wa viatu kutoka Mwanza, alikuwa na gari dogo la abiria saba alilonunua mkononi. Ilikuwa msimu wa baridi, na kiwanda kimoja huko milimani, kaskazini mwa jimbo, kilikuwa kinafunga kwa ajili ya mwaka mpya wa Kichina. Lazima wafike siku hiyo. Mama Neema naye lazima aende, maana mumewe hajui kuchagua viatu vya kike hata umpige viboko, na mtoto wao Neema alikuwa bado mchanga, wa kunyonya. "Hita inasumbua, Mzee," Baba Neema akaniambia. "Twende wote, utaisikiliza njiani."

Tulipoanza kupanda milima, mvua ikageuka barafu. Feni ilikuwa kimya. Kioo cha mbele kikajaa ukungu wa pumzi zetu, Mama Neema akawa anakifuta kwa kanga huku Neema akilia mapajani mwake, na malori yanatupita yakitikisa gari zima. Nikamwambia mumewe aingie kwenye sehemu ya dharura kando ya barabara, asimame.

"Kompyuta imekufa," akasema. "Wameniuzia bomu hawa!"

Lakini mimi nilikuwa nimeuona mshale wa joto la injini. Baada ya safari yote ile, ulikuwa umelala chini kabisa. Nikafungua boneti, nikashika mipira miwili inayopeleka na kurudisha maji ya hita. Sikusikia kitu. Nikashika na injini yenyewe. Sikusikia kitu.

Mungu wangu! Injini iliyotoka kutembea haiwezi kuwa baridi hivyo. Ni vidole vyangu. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kuvitia ganzi, nami nilikuwa sijamwambia mtu. Nikainama, nikaweka shavu kwenye mipira: yote miwili vuguvugu, sawasawa. Basi maji yanazunguka, ila hayapati moto.

"Baba Neema, thamostati iko wapi?"

Akaangalia pembeni. "Niliitoa, Mzee. Kiangazi ilikuwa inachemsha. Si nyumbani tunaitoa tu?"

Kweli, nyumbani tunaitoa. Thamostati ni kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa ya mbele, inayoyapoza kwa upepo, mpaka yapate moto, na kwenye joto la Mwanza hutaiona hasara yake. Kule milimani upepo wa barafu ulikuwa unayapoza maji kuliko injini inavyoyapasha, na kompyuta, kwa kuona maji ni baridi, ikazuia feni isitupulizie baridi. Wala haikufa. Ilikuwa inatii ilivyofundishwa.

"Mtaongea thamostati mpaka lini?" Mama Neema akapiga kelele. "Mtoto ameacha kulia!"

Nikamwambia amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, afunge kanga juu. Nikavuta katoni ya sampuli kutoka nyuma, yenye alama nyekundu ya Baba Neema, nikaipasua niizibe rejeta kwa mbele.

"Mzee, utaniulia injini!"

"Injini inanunuliwa, Baba."

Akaishika katoni upande wa pili. Tuliziba zaidi ya nusu, tukaacha mwanya wa hewa. Nikamwonya: mshale ukipita katikati, simama tuitoe. Tukaondoka polepole, sote watatu macho kwenye mshale. Ukajitikisa. Ukapanda kidogo, ukasita, ukapanda tena. Kisha feni ikavuma.

Ukungu ukaanza kuyeyuka kiooni. Baada ya muda Mama Neema akautoa mguu wa mtoto kwenye kanga. "Mshike, Mzee! Hebu mshike!"

Nikaushika, na mkono haukuniambia chochote. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa tuliposimama. Nikainamisha uso, nikauweka unyayo ule shavuni. Ulikuwa wa moto, na ukanipiga teke. Nililia, sioni haya kusema.

Tuliporudi, thamostati ikarudishwa mahali pake, nami nikamwambia Laoban kwamba mkono wangu umekufa. "Basi umemaliza kazi," akasema, akanitengea chai mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Vijana, nyumbani na ugenini si pamoja. Msitoe kitu garini kabla hamjajua kilikuwa kinazuia nini. Na mkono ukianza kuwadanganya, semeni mapema.

Neema sasa anakimbia. Jumapili wakitoka kanisani hupita kwangu, naye hanisalimii kwa mkono, mama yake alimkanya, maana wangu hausikii. Husema, "Shikamoo Babu," nami naitikia nikiwa nimeshainama, kwa sababu kiganja chake hukiweka shavuni kwangu, mahali ambapo bado nasikia.